Ya Kitabuni na ya Mezani

Mimi ndiye niliyekuwa naharibu mchezo. Waulize wenzangu. Msimulizi alikuwa hata hajamaliza kusema kwamba mto wa kusini una mamba, nami nimeshauliza, "Kitabu gani, ukurasa gani?" Kila mtu anashusha pumzi, dadu zinawekwa chini, na mchana mzima unaingia doa. Ndiyo maana wakanibatiza Kifungu. Sikuona ubaya. Kazi yangu ni kusoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, kutwa nalipwa kutafuta kilichokosewa, na macho ya namna hiyo hayavuliki ukifika muda wa kutoka.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: hauna mpira wala karata. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, mpiga upinde, mganga, mwizi mwenye roho nzuri. Msimulizi anasema mko wapi na nini kinawajia, nyinyi mnasema mnafanya nini, na dadu inaamua kama mmefaulu au mmeumbuka. Hayo yote hutokea katika nchi ya kubuni inayoitwa Ukingo. Ukingo ina kampuni yake, na kampuni ina vitabu vyake, vinene, vyenye ramani na koo za wafalme na bei ya farasi. Kilichomo humo ndicho rasmi. Tatizo ni mashabiki. Kila penye meza kuna mtu anayeongeza mji wake au joka lake, anawaandikia wenzake, wenzake wanasambaza, na baada ya muda unamkuta mtu mzima anaapa kwamba joka hilo alilisoma kitabuni kwa macho yake mawili. Hapo damu yangu huchemka. Sisi tulikuwa na maneno mawili ya kutenganisha mambo: ya kitabuni, na ya mezani.

Meza yetu ilikuwa stoo ya karatasi, nyuma ya kiwanda, Jumamosi mchana mashine zikiwa zimezimwa. Tulikalia rimu za karatasi, na ubao wa kujalidia vitabu ndio ulikuwa meza. Tulikuwa mimi, Nesi, ambaye alikuja na sare ya hospitali mara nyingi kuliko nguo za nyumbani, Kinyozi, mwenye duka mkabala na kiwanda na mdomo usiojua likizo, na msimulizi wetu, fundi umeme, ambaye kila mtu, mpaka mama yake mzazi, alimwita Fundi.

Fundi hakuwa mtu wa kukaa ndani ya kitabu. Alikuwa na vitabu vyote, hata vile vya nyongeza ambavyo mimi sikuvipata, na alivisoma mpaka vikaachia gundi. Lakini akianza kusimulia, kitabu kilikuwa kama nyumba ya jirani kwake, anapita kusalimia tu. Mimi nauliza ukurasa, yeye anacheka, mimi nanuna, Kinyozi anachochea kuni. Mpaka siku moja Nesi akasimama.

"Mimi nimetoka zamu," alisema. "Wodini nimeacha watu wanagombana, sikuja kuongezewa wengine. Fundi, ukitoka nje ya kitabu, toa ishara. Kifungu, ukiisikia ishara, funga mdomo."

Fundi alichukua kizibo cha soda kilichokuwa mbele yake, akakidondosha juu ya ubao. Kikalia. Tangu hapo ikawa sheria. Kizibo kikilia, jambo hilo ni la mezani, Kifungu anyamaze. Kisipolia, ni la kitabuni, na Kifungu ana haki ya kudai ukurasa. Sidhani kama kuna meza nyingine iliyoishi kwa sheria hiyo, lakini kwetu ilifanya kazi, kwa sababu Fundi hakuivunja hata mara moja. Zamu zilimnyima Nesi Jumamosi nyingi, basi Kinyozi alikuwa anaturekodi kwa simu na kumtumia, naye anasikiliza akipata nafasi. Kwenye rekodi hizo kizibo kinasikika wazi kuliko sauti zetu.

Fundi alikufa kazini, juu ya nguzo, mbali na nyumbani. Mtu aliyekuwa chini alidhani kazi imekwisha, akawasha umeme. Siku anaondoka alimwambia mama yake kwamba mwisho wa wiki atarudi. Kilicholetwa ni jeneza. Sitasema zaidi juu ya hilo, kwa sababu nikisema zaidi nitatukana.

Wazo la kijitabu lilikuwa la Kinyozi. Tulikuwa tumekaa stoo, watatu, hatuchezi, tunaangalia ubao tu. Akasema, "Tuko ndani ya kiwanda cha kuchapa na tunalia kama watu wasio na karatasi. Tumchapie kitabu chake." Bosi wangu alikubali tutumie mabaki. Nikasoma masharti ya kampuni ya Ukingo, maana mtu mwingine asingeyasoma. Wanaruhusu mashabiki kuchapisha vya kwao, ilimradi wasinakili maneno ya vitabu vyao na waandike juu ya jalada kwamba si rasmi. Kwa hiyo kilichotakiwa ni kukaa na rekodi zote, kuondoa ya kitabuni, na kubakiza ya Fundi. Hakukuwa na haja ya kupiga kura nani afanye kazi hiyo.

Mama yake alipopata habari, alikuja kiwandani mwenyewe. Anafanya kazi katika nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi, yeye ndiye mwenye mashuka na mablanketi yote ya pale, na tangu alipoanguka kwenye ngazi anachechemea mguu mmoja. Nilimpisha kiti changu. Hakukaa.

"Mambo yenu ya majoka mimi siyajui," alisema. "Kitabu chote sikihitaji, baba. Nataka ukurasa mmoja."

"Upi, mama?"

"Aliniambia, mama, nimekuweka kwenye mchezo. Kuna mwanamke mwenye nyumba ya wageni huko milimani. Anachechemea. Mkali. Ana mtoto wake mmoja amekwenda vitani, na kila asubuhi analianika blanketi lake juani. Akasema, huyo ni wewe. Nikamwambia toka hapa, mtu mzima na ndevu zako unaniweka kwenye mchezo wa watoto." Alitazama mashine ya kukatia karatasi kwa muda. "Lakini nilifurahi. Sikumwambia kama nilifurahi. Mimi sijawahi kuwekwa popote."

Nilimkumbuka mwanamke huyo vizuri, Mama Kizingiti, mwenye Nyumba ya Upepo. Alitokea sheria ya kizibo ikiwa bado changa na tulilala kwake mara nyingi. Nikamwambia utaupata, mama, ukurasa wako utaupata. Nilisema kwa kinywa kipana, na yeye akanishika mkono akasema, "Wewe nakuamini. Mwanangu alikuwa anakulalamikia kila Jumamosi kwamba hujui kudanganya hata kwa bahati mbaya." Akatuachia vitabu vya Fundi na dadu zake katika mfuko wa plastiki, akaondoka.

Nilisikiliza rekodi wakati wa chakula cha mchana, ndani ya chumba cha prufu, nikiwa na vidude vya masikioni na kalamu yangu nyekundu. Siku za kwanza nilijikaza kisabuni. Sauti ya mtu uliyemzika ni kitu kibaya kukaa nacho mlango umefungwa. Anakohoa, anaomba mtu amsogezee soda, anakutaja wewe kwa jina na kukucheka. Kisha kizibo kinalia, na mimi naandika.

Basi nikaanza kumwona. Mfalme anayeogopa kuku: kizibo. Joka lisiloruka kwa sababu likiwa juu linapata kizunguzungu: kizibo, na nakumbuka tulivyovunjika mbavu, maana Fundi mwenyewe kutwa alikuwa juu ya ngazi. Chama cha mafundi taa wa mji mkuu, ambao huahidi kuja kesho na hawaji: kizibo, na Kinyozi anasikika akisema, "Hao nawajua, mmoja ana kazi yangu dukani tangu mwaka jana." Soko ambalo ukinunua kitu lazima usimulie unakipeleka kwa nani. Daraja linalowapitisha bure wanaogombana na kuwatoza wanaonyamaza. Miaka yote niliyoyabishia mambo hayo, niliyaona ni takataka zilizoingia kitabuni kutoka nje. Sasa niliondoa kitabu, na kila kilichobaki kilikuwa yeye.

Halafu nikafika kwa Mama Kizingiti.

Wasafiri wanapanda mlima, upepo unavuma, wanaona nyumba. Mwanamke anafungua mlango, anachechemea. Nikangoja kizibo. Hakikulia. Anawagombeza kwa kuchelewa. Kimya. Blanketi la mwanawe lipo kwenye kamba ya nje, kila asubuhi hulianika. Kimya. Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena, labda Kinyozi alikohoa juu yake, labda simu ilikuwa mbali. Wapi. Nikauchukua mfuko wa plastiki, nikatafuta kitabu cha nyongeza cha njia za milimani, kile ambacho mimi sikuwahi kuwa nacho. Nyumba ya Upepo ilikuwa na ukurasa wake mzima. Mwanamke, mguu, ukali, mtoto aliyekwenda vitani, blanketi juani, yote, kwa mpangilio uleule. Na chini kabisa, kwa herufi za mlazo, maelekezo: mwana huyu harudi; msimulizi asimrudishe, kwa kuwa kungoja kwa mama yake ndiko kunakoifanya nyumba hii iwe wazi kwa wageni.

Nilikaa pale mpaka kengele ya kurudi kazini ikapita. Prufu zilizokuwa mbele yangu sikuzisoma siku ile, na kama uliwahi kununua kalenda yenye siku ambazo hazipo, ilitoka mikononi mwangu.

Tulikutana dukani kwa Kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa kimenyolewa, nusu bado. Nesi alikaa kwenye benchi akivua viatu. Niliwaeleza.

"Iache," Kinyozi alisema bila kugeuka. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Kila siku wewe. Mama wa watu ana ukurasa mmoja tu anaoutaka, na wewe unataka kumpokonya kwa sababu kizibo hakikulia."

"Si kizibo. Ni kazi ya mtu mwingine. Tukiichapa tumeiba, halafu juu ya jalada tumeandika ni ya Fundi. Unataka tumwekee mwenzetu mali ya wizi mikononi?"

"Badilisha maneno mawili matatu."

"Hapo itakuwa yangu mimi. Haitakuwa ya kitabu wala ya Fundi. Mama atawekwa na nani, na Kifungu?"

Mteja akauliza kwa upole kama kuna mtu ameibiwa. Kinyozi akamwambia atulie, kuna wembe. Kisha akasema, safari hii taratibu, "Fundi alimwambia amemweka. Sasa twende tukamwambie mtoto wako alikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Mimi siwezi."

"Fundi hakuwa mwongo," Nesi alisema.

"Kitabu hiki hapa," nikamwonyesha.

Aliusoma ukurasa polepole, mpaka chini, kwenye zile herufi za mlazo. Akainua uso. "Asimrudishe? Mbona alirudi?"

"Nani alirudi?"

"Huyo mtoto. Ulikuwa na homa Jumamosi ile. Tulilala Nyumba ya Upepo, mlango ukagongwa, akaingia. Kinyozi alirekodi kama kila Jumamosi, ipo."

Nilimtazama Kinyozi, akakubali kwa kichwa. Hawakujua kwamba kitabu kinakataza. Wao walidhani ni jambo la kawaida, mtu kwenda na kurudi. Ningekuwepo ningepiga kelele mpaka mlinzi wa kiwanda aje. Nadhani Fundi alikuwa ananisubiri niugue. Nilicheka nilipolifikiria hilo, kisha nikajikuta siwezi kuendelea kucheka, nikageukia dirishani.

"Utakwenda wewe," Nesi aliniambia. "Wewe ndiye aliyekuamini. Nakupa siri ya kazi yetu: habari mbaya usiitoe umesimama. Kaa chini, sema mapema, usizunguke. Ukishasema, usiondoke haraka."

Nilimkuta mama ua wa nyuma wa nyumba ya wageni, asubuhi, mashuka yamejaa kwenye kamba. Alifurahi kuniona, akanipa ncha ya shuka nimsaidie kukunja. Tulikunja la kwanza. Tulikunja la pili. Ndipo nikakumbuka maneno ya Nesi, nikaketi kwenye ukingo wa karo la kufulia na kumwomba naye akae.

"Mama, yule mwanamke wa mlimani, Fundi hakumbuni yeye. Yumo kwenye kitabu cha kampuni. Mguu, blanketi, mtoto, vyote vimo. Vilikuwepo kabla."

Alilikunjua shuka lililokuwa mapajani, akalikunja upya, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri.

"Nani aliyeandika?"

"Mtu wa kampuni. Hatumjui."

"Naye hanijui."

"Hakujui, mama."

"Kwa hiyo si mimi." Alilipapasa shuka. "Basi nami nilivyokuwa mjinga, nilianza hata kutembea vizuri. Nikipanda ngazi na ndoo, najisemea, wewe mama, umo kwenye mchezo."

Roho iliniuma kiasi kwamba nilitaka kusimama niondoke. Badala yake nikatoa simu. Nilimwambia kuna sehemu nyingine, ya Jumamosi ambayo mimi sikuwepo, na kwamba atasikia sauti ya Fundi, kwa hiyo kama hataki aseme. Akasema, weka.

Niliweka. Kwanza ilikuwa mvua, ya kweli, kwenye mabati ya stoo. Kisha sauti yake, pale uani kati ya mashuka, inaeleza kwamba wageni wamekaa karibu na moto, mlango unagongwa. Mama aliweka kiganja juu ya goti lake la mguu mbovu, akabaki hivyo. Kizibo kikalia.

"Ni nini hicho?" aliuliza.

"Hapo anatoka nje ya kitabu, mama. Kuanzia hapo ni yeye."

Kwenye simu, Fundi alisema kwamba anayeingia ni kijana, amelowa, amekonda, hana silaha. Kinyozi akauliza ni nani. Fundi akasema, "Ni mwanawe." Tukamsikia Nesi akivuta pumzi. Halafu Fundi akabadilisha sauti, akaifanya kavu, ya puani kidogo, ya mtu anayezungumza huku ana kazi mikononi: "Umechelewa. Vua viatu hivyo, sakafu haijipigi deki yenyewe. Blanketi lako liko kwenye kamba, kalichukue kabla halijalowa."

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka bila yeye kukiruhusu, akaziba mdomo kwa ncha ya shuka. "Hayo maneno ni yangu," alisema. "Sakafu haijipigi deki. Mpumbavu yule, hiyo ni sauti yangu."

Kinyozi kwenye rekodi alikuwa analalamika. "Hivyo tu? Mtoto ametoka vitani, hata hamkumbatii?" Na Fundi, kwa sauti yake mwenyewe sasa, akajibu: "Huyu hakumbatii watu. Huyu ukirudi anakugombeza, ndiyo unajua umefika."

Nilizima. Mama alikuwa analia na bado uso una kicheko ndani yake, vyote pamoja, na mimi nikafurahi. Niliona nimeokoa kitu. Nikaanza kueleza kwa haraka, kama ninavyofanya nikiwa na hakika na jambo: kwamba mwanamke ni wa kitabuni ndiyo, lakini sauti ile haimo kitabuni, na maneno yale hayamo, na zaidi ya yote kijana kurudi hakumo kabisa. "Kitabu kinakataza, mama. Kimeandika wazi kwamba mtoto harudi na msimulizi asimrudishe. Ni Fundi ndiye aliyemrudisha. Alivunja kitabu kwa makusudi."

Kicheko kikatoka usoni mwake. Hapo ndipo niliposikia nilichosema, na kilikuwa kimeshasemwa.

"Kitabuni harudi," alisema.

"Harudi, mama."

"Na wangu akamrudisha."

"Ndiyo."

Mgeni mmoja alitokea mlangoni akiulizia taulo, akatuona, akarudi ndani. Mama alikuwa anatazama kamba.

"Juzi nimefua blanketi lake," alisema. "La nyumbani. Nikalianika, jioni nikalitoa, nikalikunja nikaliweka kitandani kwake. Jana nikalianika tena. Halikuwa chafu." Akanigeukia. "Sasa wewe, Kifungu, ambaye umegombana na mwanangu miaka yote juu ya hili. Niambie. Kati ya hizo mbili, ipi ndiyo ya kweli?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko jina langu. Jibu lake ninalo mdomoni siku zote, hata usingizini ningelitoa.

"Ya Fundi," nikasema.

Alinitazama kwa upole, na upole huo ulinishinda kuliko ukali wake wote. "Usianze leo, baba," alisema. "Huu si ufundi wako, unaonekana. Kitabu ndicho kimesema kweli. Aliyekiandika hanijui, lakini kimesema kweli. Mimi nimekaa hapa, na mlango ule sijaona mtu akiingia."

Nilikuwa nimeshinda ugomvi wa miaka mingi, na mshindani wangu yuko ardhini, na aliyenipa ushindi ni mama yake. Ningetoa chochote wakati ule apatikane mtu wa kunibishia.

Akasimama, akanipa tena ncha ya shuka. Tukakunja. Alikuwa anavuta kwa nguvu kuliko mwanzo, nami nikawa navuta upande wangu.

"Hiyo ya kurudi," aliuliza, "mnaruhusiwa kuichapa?"

"Hiyo ni yake tupu. Tunaruhusiwa. Ile ya kitabuni ndiyo tutaiondoa."

"Basi iwekeni. Na sauti yangu iwekeni. Aliifanyia kazi, msiitupe." Alilipokea shuka kutoka mikononi mwangu, akaliweka juu ya mengine na kulisawazisha kwa kiganja. "Lakini mimi nakala msiniletee."

Tulikichapa. Ni kijitabu chembamba, jalada la kijani, na chini ya jina lake tumeandika kwamba si rasmi, kama masharti yanavyotaka. Kijana anayebisha hodi Nyumba ya Upepo yumo kwenye ukurasa wa mwisho, anaambiwa avue viatu. Kinyozi ameweka nakala yake dukani chini ya kioo, Nesi anatembea na yake mkobani. Ya mama iko kwenye droo yangu kazini, nimeifunga kwa karatasi ya kaki. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, namuuliza habari za mguu, ananiuliza habari za macho. Hajaiulizia, nami sijaitaja.